Lulu Shingoni, Deni Mgongoni: Tuliyojifunza Siku Moja Muharraq



Januari iliyopita tulikuwa Bahrain, wanawake wanne kutoka Unguja: sisi ndugu wawili, shangazi yetu, na mdogo wetu ambaye harusi yake ilikuwa imepangwa Mfunguo Mosi. Safari ilikuwa ya kumpongeza jamaa yetu aliyejifungua Manama. Mtoto tulimwona, zawadi tulitoa, tukabakiwa na siku moja tupu kabla ya kurudi nyumbani.

Bi harusi wetu alikuwa na lake. Kwenye simu yake alikuwa ameweka picha ya kidani cha lulu cha safu mbili, aliyokuwa akiitazama tangu alipochumbiwa. "Huku ndiko kwenye lulu zenyewe," alisema. "Mchumba kaniambia nichague. Twendeni tukaone."

Shangazi akamjibu: "Sawa mwanangu, tutakwenda. Lakini kabla ya dukani tupite kwanza zilikotoka hizo lulu. Kitu cha kuvaa shingoni ukijue asili yake." Basi asubuhi tukaenda Muharraq, na duka tukaliweka alasiri.

Dukani hatukufika. Sababu yake ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii, na tunaiandika hasa kwa wale ambao sasa hivi wamo katika kupanga harusi zao.

Mji unaofanana na kwetu

Muharraq ni kisiwa kilichounganishwa na Manama kwa madaraja, na kwa teksi ni mwendo mfupi tu. Kwa zaidi ya karne moja, hadi miaka ya 1920, ndipo walipokaa watawala wa Bahrain, na ndipo matajiri wa lulu walipojenga majumba yao. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka urithi wa lulu wa mahali hapa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Urithi huo ni majengo 17 ndani ya mji wa kale, kipande cha pwani chenye ngome ya Bu Mahir, na maeneo matatu ya chaza yaliyo baharini. Majengo hayo yameunganishwa na njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 3.5 hivi. Taa za njia hiyo zina tufe jeupe juu mfano wa lulu, kwa hiyo hata ukiwa huna mwenyeji hupotei. Unafuata taa.

Mtu aliyekulia Mji Mkongwe akifika pale hajioni mgeni. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni nene za mawe ya baharini na chokaa, nyumba zina ua wa ndani ambamo wanawake wanapunga upepo bila kuonekana barabarani. Halua nayo haiko mbali, maana Muharraq inasifika kwa halua yake. Shangazi alionja pamoja na kahawa, akatafuna polepole, akatoa hukumu: "Hii ni jamaa wa yetu."

Jina lenyewe la Bahrain maana yake ni bahari mbili. Chini ya bahari ile ya chumvi zilikuwapo chemchemi za maji matamu, na wazamiaji wa zamani walikuwa wakishuka na viriba vya ngozi kuyateka kwa ajili ya kunywa chomboni. Tuliposikia hayo tulitazamana, maana sote tuliikumbuka Surat Ar-Rahman, pale zinapotajwa bahari mbili zinazokutana, kisha zikatajwa lulu na marijani miongoni mwa neema za Mola wetu. Kwa hiyo lulu si kitu cha kubeza, na hatukuja hapa kumwambia mwanamke asipende pambo. Pambo ni neema. Tunalotaka kuzungumza ni bei yake, na nani anailipa.

Nahodha ni yule yule

Tulianzia ngome ya Bu Mahir, kusini mwa kisiwa. Kutoka ufukwe huu vyombo viliondoka kila mwaka wakati wa joto, kuanzia mwezi wa Juni hivi, kwa msimu mkubwa wa kuzamia uliochukua miezi minne na siku zake. Wakati wote huo mume, baba na mtoto wa kiume walikuwa baharini.

Chomboni alikuwapo kiongozi waliyemwita nukhidha. Nyinyi wenyewe mmeshalitambua neno hilo, kwa sababu ndiye nahodha wetu, neno limepita bahari kwa majahazi yale yale. Chini yake walikuwa wazamiaji, wavuta kamba, vijana wa kutumwa, na mwimbaji ambaye kazi yake ilikuwa kuwatia nguvu wenziwe kwa sauti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio kilichochongwa kwa pembe au gamba la kasa. Vidoleni alivaa ngozi ili makombe yasimkate, na shingoni alining'iniza kikapu cha kamba. Aliweka mguu kwenye kamba yenye jiwe zito, jiwe likamshusha chini kwa haraka. Huko chini alichuma chaza kwa pumzi moja, dakika moja au zaidi, kisha akatikisa kamba, na mwenzake aliye juu akamvuta. Alivuta pumzi na kurudi tena. Alikwenda hivyo mara nyingi kwa siku, akiwa amekula kidogo sana asubuhi, tende na kahawa, kwa sababu mwenye tumbo lililojaa hawezi kuzamia. Chakula cha haja kilikuwa cha jioni.

Masikio yaliharibika, macho yaliumia kwa chumvi, wako waliochomwa na viwavi vya baharini na wako ambao hawakupanda tena. Mojawapo ya nyumba zilizo kwenye njia ile, nyumba ya Badr Ghulum, inaeleza habari za matabibu wa wakati huo na dawa walizowatibia mabaharia. Kulikuwa na kazi ya kutosha.

Na chaza walifunguliwa asubuhi ya pili, juu ya sitaha, wote wakiwa wamekaa pamoja na nahodha akiwaangalia, ili mtu asijue chaza wake ni yupi na asifiche kitu. Ungeweza kufungua mamia usipate lulu moja ya maana.

Nyumba mbili

Mtu akitaka kuuelewa mji huu na ana muda mdogo, tunamshauri atazame nyumba mbili tu.

Ya kwanza ni ya watu wa chomboni, nyumba ndogo inayojulikana kama nyumba ya Al-Ghus. Vyumba vichache, ua, kuta zisizo na nakshi. Ya pili ni jengo la Siyadi, familia ya wafanyabiashara wakubwa wa lulu, wenye nyumba, baraza ya kupokea wageni na msikiti wao. Huko dari zimepambwa, plasta imechongwa maua, madirisha yana vioo vya rangi. Katika baraza kama hizo ndimo wanunuzi kutoka Bombay na Paris walipokaa. Jacques Cartier mwenyewe, wa ile familia ya masonara wa Paris, alifika Bahrain kutafuta lulu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na picha yake akiwa ameketi na wafanyabiashara wa huko ipo hadi leo. Lulu zilimwagwa juu ya kitambaa chekundu, zikachekechwa katika vyungio vya shaba vyenye matundu ya ukubwa tofauti, zikapimwa na kukisiwa.

Kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu tu. Mdogo wetu alisimama kwenye kichochoro akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: "Sasa huyu aliyezamia, yeye alipata nini?"

Alipata deni

Hapa ndipo siku yetu ilipobadilika.

Mzamiaji hakuwa na mshahara. Alikuwa na fungu la mapato ya msimu, likitoka. Lakini familia haiwezi kungoja miezi minne bila chakula, kwa hiyo kabla ya chombo kuondoka nahodha alimpa mkopo wa kuwaachia watu wa nyumbani. Msimu ukiisha alipewa mkopo mwingine wa kupitisha kipupwe. Nahodha naye fedha hizo alikuwa amezikopa kwa mfanyabiashara. Kisha, hesabu zikifanywa, vyakula na vifaa vya chomboni vilikatwa kwanza, madeni yakakatwa, na mara nyingi mzamiaji aliondoka akiwa anadaiwa zaidi ya alipoingia. Mwenye deni hakuweza kuhamia chombo kingine mpaka deni lilipwe au lichukuliwe na nahodha mpya. Wengi hawakujua kusoma, na daftari lilikuwa mkononi mwa anayewadai.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba deni halikufa na mtu. Baba akifariki, mtoto wake wa kiume au ndugu yake aliweza kudaiwa, na malipo yake yalikuwa kwenda kuzamia mahali pa marehemu. Wenzetu, sote tumesoma madrasa. Tunajua kwamba deni la maiti hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, kabla ya mirathi kugawanywa, na kwamba mrithi habebeshwi shingoni mwake yale ambayo mali haikutosha. Watu wale walikuwa Waislamu, wakiswali katika misikiti ile ile tuliyoipita. Lakini ada ya biashara ilikuwa na nguvu kuliko yale waliyoyasoma. Tusiwaseme sana, maana nasi tuna ada zetu, tutazifikia.

Miaka ya 1920, kwa msukumo wa Waingereza, serikali ya Bahrain ilianza kurekebisha mambo. Kila mzamiaji alitakiwa awe na daftari lake la hesabu, na mikopo ikawekewa mipaka. Utadhani wazamiaji walishangilia. Wako waliopinga, na mwaka 1932 ilizuka ghasia kubwa ya wazamiaji kuhusu mikopo iliyopunguzwa. Tukajiuliza kwa nini mtu apiganie kamba inayomfunga. Shangazi ndiye aliyejibu: "Kwa sababu mkopo unaonekana leo, na deni linaonekana kesho. Na watoto wanakula leo."

Waliobaki ufukweni

Habari za lulu huandikwa sana kuhusu wanaume. Sisi tulitaka kujua kuhusu wanawake, na tuliyosimuliwa ni haya: kwa miezi ile minne mji ulibaki wa wanawake, watoto na wazee. Wao ndio walioipimia nyumba ule mkopo, kibaba kwa kibaba, mpaka vyombo virudi.

Msimu ulipokaribia mwisho walikwenda ufukweni kwa pamoja. Walichovya baharini makuti yanayowaka moto, wakaiimbia bahari na kuikemea, itubu, iwarudishe watu wao. Sisi tunajua kwamba wa kuombwa ni Allah peke yake, na bahari ni kiumbe kama sisi. Lakini hatukuweza kucheka. Mwanamke anayekwenda kuigombeza bahari ni mwanamke aliyekwisha kulia machozi yote. Nasi ni watu wa visiwani. Nani kati yetu hana katika ukoo wake mwanamke aliyewahi kusimama pwani akihesabu matanga?

Tulipokuwa pale tulikumbuka na jambo jingine, na hili ni letu moja kwa moja. Si wote waliozamia Ghuba walikuwa watu wa Ghuba, wala si wote waliondoka kwao kwa hiari. Miongoni mwa wazamiaji walikuwamo watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara iliendelea kwa siri, na kadiri lulu zilivyopendwa Ulaya na Marekani ndivyo mikono zaidi ilivyotakiwa kuzivua. Fungu la mzamiaji mtumwa lilichukuliwa na bwana wake. Wako waliotoroka wakakimbilia ofisi za Waingereza za Ghuba kuomba hati ya uhuru. Vizazi vyao viko huko hadi leo, ni wenyeji, na katika ngoma ya leiwa inayochezwa nchi za Ghuba mna maneno ya Kiswahili yaliyobaki.

Bi harusi wetu alikaa kimya kwa muda mrefu baada ya hapo. Shangazi akamwambia taratibu, "Labda mmoja wao alikuwa wa kwetu."

Lulu ikaanguka

Kisha yote hayo yakaisha, tena kwa kasi. Japani, Mikimoto Kokichi alifanikiwa kupata lulu ya kufugwa mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1920 lulu za duara za kufugwa zilikuwa zimeshaingia masoko ya Ulaya. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka, na matajiri wakaacha kununua. Wafanyabiashara waliokopa ili kununua lulu kwa bei ya juu walibaki nazo mkononi. Mwaka 1932 mafuta yakapatikana Bahrain, na vijana wakahamia huko.

Kuna kisa kimoja ambacho kila bi harusi anafaa kukijua. Mwaka 1917, mjini New York, kampuni ya Cartier ilipata jumba lake la Fifth Avenue kwa kubadilishana na kidani cha lulu cha safu mbili kilichothaminiwa dola milioni moja. Jumba zima, kwa kidani! Miaka 40 baadaye kidani kile kiliuzwa kwa bei isiyofika hata robo ya hiyo. Jumba bado liko pale pale.

Bahrain yenyewe haikuiacha lulu yake. Hadi leo sheria ya nchi hiyo inakataza biashara ya lulu za kufugwa, kwa hiyo za asili zinazouzwa huko ni chache, na kupata zinazolingana rangi na ukubwa hata zikatosha safu mbili ni kazi ya muda mrefu. Ndiyo maana bei yake ni ile aliyokuwa nayo mdogo wetu kwenye simu.

Maneno ya barazani

Tulikaa kupumzika kwenye uwanja mdogo kati ya nyumba, viatu tumevivua. Ndipo shangazi alipomuuliza mdogo wetu, bila ukali wowote: "Mwanangu, hicho kidani mchumba wako anakilipaje?"

Akajibu akitazama chini. Kijana anachukua mkopo, unakatwa kwenye mshahara wake kwa miaka minne. Alikuwa ameshatia saini nusu ya karatasi.

Hakuna aliyesema neno. Halikuhitajika.

Dada zetu, hili ndilo tunalotaka kulisema kwa uwazi: tunaolewa na watu, kisha tunawapeleka kuzamia. Kijana anaingia kwenye ndoa akiwa na jiwe mguuni. Mshahara wa mwezi wa kwanza unapokelewa na mkopeshaji kabla haujafika jikoni. Na anayebaki nyumbani kuipimia familia kibaba kwa kibaba ni yule yule mwanamke aliyependeza kwenye picha. Deni la mume huliwa na nyumba nzima.

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa sababu nasi tumewahi kuyatoa.

La kwanza ni kwamba mahari ni haki ya mwanamke. Ni kweli, na tutaisimamia haki hiyo mpaka mwisho. Qur'ani haikuiwekea kikomo cha juu, na hakuna wa kukuambia mahari yako ni kubwa mno kama mwenye kutoa anaweza na ameridhia. Lakini katika Hadithi iliyo mashuhuri, mtu asiye na kitu aliambiwa atafute hata pete ya chuma, na asipoipata akaozeshwa kwa sura alizozihifadhi. Haki haipungui kwa kuwa ndogo. Tena sheria yetu imekupa njia: sehemu ya mahari inaweza kuahirishwa, ikaandikwa, ikabaki ni deni lako wewe kwa mumeo. Deni la namna hiyo linakaa ndani ya nyumba yenu, halina riba, na wewe ndiye mwenye daftari. Lina tofauti kubwa na deni la mtu wa nje anayekudai mkiwa mmelala.

La pili ni kwamba siku ni moja tu. Siku ni moja, lakini makato ni miezi 48. Na tukisema ukweli, mahari mara nyingi si ndiyo inayomkopesha kijana. Ni ukumbi, ni sare tatu za shughuli tatu, ni mapambo ya jukwaa, ni mpiga picha, ni sanduku lililoshindanishwa na sanduku la jirani. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa sharti la ndoa. Mashahidi wawili, walii, ijabu na kabuli, mahari, na chakula cha kuwalisha watu kwa uwezo wako. Wazee wetu walisinga bi harusi kwa liwa na asumini ya uani, akang'aa, na ndoa zao zikadumu.

La tatu huwa halisemwi kwa sauti: watu watasema nini? Watasema, ndiyo. Watasema ukiwa na kidani na watasema usipokuwa nacho. Lakini hakuna hata mmoja kati yao atakayekuja tarehe 25 kumlipia mumeo.

Tukumbuke kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiomba kinga kwa Allah kutokana na deni, na kwamba alisita kumswalia maiti aliyekuwa na deni mpaka sahaba mmoja alipojitolea kulilipa. Deni si haramu, na mwenye dharura hana lawama. Lakini jambo lililomfanya Mtume asite mbele ya jeneza si la kulibebesha bwana harusi kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo ombi letu kwa kila bi harusi mtarajiwa ni maswali matatu kabla ya kuchagua chochote, iwe lulu, dhahabu au ukumbi. Kwanza: nani amekifanya, na amelipwa? Pili: fedha yake iko mkononi au ni ya kukopa? Tatu: kama kesho kikipotea au bei ikaanguka, nyumba yetu itatikisika? Ukiwa na majibu ya amani kwa yote matatu, vaa, uipendeze nafsi yako, na umshukuru Mola wako. Usipokuwa nayo, kiache. Kuna vitu vizuri zaidi mbele.

Mkipata nafasi ya kwenda

Kwa atakayejaaliwa kufika Bahrain, tunaipendekeza safari hii kwa moyo wote, na inafaa hata kwa fungate. Nendeni kati ya Desemba na Februari, maana joto la kule wakati wa kiangazi si la mchezo. Vaeni viatu vya kutembelea, si vya kuonyesha. Anzieni pwani, Bu Mahir, ndipo muingie mjini. Ukianza na majumba ya matajiri utaona uzuri tu. Misikiti iko kila upande, swala haikupiti. Na mwende pamoja na mtu mzima mmoja wa ukoo, kwa sababu maswali ya maana huulizwa na wao.

Na kwa asiyeweza kufika huko, lulu ziko karibu zaidi. Hapa hapa Unguja, upande wa Fumba na Bweleo, wako wanawake waliojifunza kufuga chaza na kupata lulu nusu, na kutengeneza mapambo kwa makombe yake. Wao wenyewe wanafuga, wenyewe wanang'arisha, na wenyewe wanauza.

Bi harusi wetu alimpigia mchumba wake usiku ule kutoka Manama. Hatujui walizungumza nini, alitoka nje kwenye roshani akafunga mlango. Tunachojua ni kwamba zile karatasi za mkopo hazikumaliziwa. Siku ya harusi yake, Mfunguo Mosi, alivaa kidani cha dhahabu cha bibi yetu, cha kuazima, na masikioni alivaa hereni za lulu nusu kutoka Bweleo, zilizolipwa siku ile ile zilipochukuliwa. Kulikuwa na wageni waliouliza kwa nini kidani cha zamani. Shangazi aliwajibu kwa niaba yetu sote: "Hiki hakidaiwi."

Allah awape kila bi harusi nyumba yenye utulivu, mume mwenye huruma, na riziki ya halali isiyo na mdai mlangoni. Amin.